Mvulana wa miaka 13 ameambiwa ana saratani ya utumbo mpana: tuulize nini hospitalini?

Mama Mdogo, Tanga

Assalamu alaykum, na kwa wengine wote habari za wakati huu. Ninaandika kwa niaba ya dada yangu, ambaye kwa sasa hana nguvu ya kuandika wala ya kusoma majibu.

Mwanawe wa kwanza, mvulana wa miaka 13, alianza kulalamika tumbo mwaka jana, siku chache baada ya Idi. Maumivu yalikuwa yakija na kuondoka, zaidi upande wa kulia chini ya kitovu. Baadaye akawa anafunga choo siku tatu au nne, kisha anaharisha, na mara kadhaa mama yake aliona damu nyeusi nyeusi iliyochanganyika na choo. Tulipokwenda kutibiwa alipewa dawa ya minyoo, tuliporudi akapewa ya amiba, safari ya tatu akapimwa damu tukaambiwa ni taifodi, na safari ya nne akamezeshwa dawa ya kichocho. Viganja vyake vilipopauka tukaambiwa ni safura, akaandikiwa vidonge vya kuongeza damu. Ikapita miezi mitano kwa mwendo huo, na sare ya shule iliyombana mwanzoni mwa mwaka ikawa inamning'inia.

Usiku mmoja tumbo lilijaa, akawa anatapika nyongo na hapitishi hata upepo. Tulimkimbiza hospitali kubwa, wakampasua kwa dharura wakidhani ni kidole tumbo kilichopasuka, kumbe ni uvimbe ulioziba utumbo mpana upande wa kulia. Waliukata, wakaunganisha utumbo, na baada ya wiki tatu jibu la maabara likasema ni adenokasinoma, yaani saratani, yenye ute mwingi, hatua ya tatu. Wiki ijayo tunakwenda kliniki ya saratani.

Ninaomba kujua mambo matatu. Je, kweli mtoto wa umri huu anaweza kupata saratani ambayo sisi tumezoea kuisikia kwa wazee, au maabara ilichanganya majina? Je, tulikosea wapi, katika chakula, maji au jambo jingine? Na je, wadogo zake wawili, msichana wa miaka 9 na mvulana wa miaka 5, wamo hatarini? Ninauliza pia kwa sababu shangazi yao ameanza kusema kwamba mtoto ametupiwa jicho, na maneno hayo yanamuumiza dada yangu kuliko ugonjwa wenyewe.

Mpasuaji wa Watoto

Waalaykum salaam, na poleni sana. Sijamwona mtoto wala ripoti yake, kwa hiyo nitakayoyasema yachukuliwe kuwa maswali ya kubeba kwenda kliniki.

Saratani ya utumbo mpana kwa mtoto ipo, ingawa ni nadra kiasi kwamba daktari wa watoto anaweza kufanya kazi hadi kustaafu bila kukutana nayo. Marekani, ambako wagonjwa wa saratani huandikishwa kwa uangalifu, hukadiriwa kuwa kila mwaka anapatikana mgonjwa mmoja katika kila watu milioni moja walio chini ya miaka 20, na nchi nzima haifikishi wagonjwa 100 wa umri huo kwa mwaka. Uadimu huo ndio unaowaponza watoto hawa. Tabibu anayeletewa mtoto mwenye damu kwenye choo ana mengi ya kufikiria kabla ya saratani: amiba, bakteria wa kuhara damu, mpasuko unaoletwa na choo kigumu, au kile kinyama kimoja kisicho na hatari ambacho huota kwenye utumbo wa watoto wa miaka miwili hadi 10 na kutoa damu bila maumivu. Kwa hesabu tu, akifikiria hayo atapatia mara nyingi kuliko atakavyokosea. Kinachopaswa kumshtua ni pale mambo yanapojikusanya kwa mtoto mmoja, yaani damu kwenye choo pamoja na kukonda, upungufu wa damu usiorekebika kwa vidonge, maumivu yanayomwamsha usiku, na choo kilichobadilika kwa wiki nyingi baada ya dawa zote za kawaida kutumika.

Niruhusuni kusema neno kuhusu vipimo viwili. Kipimo cha Widal, ambacho kwetu kimekuwa jibu la kila tumbo, kikionyesha chanya mara moja hakithibitishi taifodi, kwa kuwa mtu aliyewahi kuugua au kuchanjwa anaweza kubaki na chembe zile za kinga. Na kichocho kilichozoeleka pwani ni kile cha kibofu, kinachotoa damu kwenye mkojo. Kile cha utumbo ni cha wenzetu wa Ziwa Viktoria. Mtoto wa Tanga ambaye hajawahi kuoga ziwani akitoa damu kwenye choo, kichocho kisiwe jibu la haraka.

Sasa kuhusu ripoti. Kwa watu wazima saratani hii kwa kawaida hutokana na kinyama kinachokua polepole kwa miaka mingi, na aina yenye ute mwingi ni takriban mgonjwa mmoja tu katika kila 10. Kwa watoto na vijana aina hiyo hukaribia nusu ya wagonjwa, na wamo pia wenye seli ambazo chini ya hadubini hufanana na pete ya muhuri, kwa sababu ute umeijaza seli na kusukuma kiini chake pembeni. Aina hizi hupenya ukuta wa utumbo kwa haraka, na ndiyo maana watoto wengi hugunduliwa wakiwa hatua ya tatu au ya nne. Hatua ya tatu maana yake ni kwamba ugonjwa umefika kwenye tezi za limfu za jirani, lakini haujaonekana kwenye ini, mapafu wala tando za tumbo. Bado ni hatua ambayo matibabu hulenga kuponya, wala si kupunguza maumivu tu.

Mkifika kliniki, ulizeni kwanza zilipatikana tezi ngapi katika kipande kilichokatwa na ngapi kati yake zilikuwa na ugonjwa. Kanuni ni kuchunguza zisizopungua 12, na katika upasuaji wa dharura uliofanywa kwa kudhani ni kidole tumbo, idadi hiyo huweza isifikiwe. Kama ni chache, wataalamu watajadili iwapo kuna haja ya kurudi ndani. Ulizeni kama kingo za kipande zilikuwa safi, na kama CT skani ya kifua na tumbo zima imefanywa. Ulizeni pia ni lini atafanyiwa kolonoskopi, yaani kupitishiwa kamera kuutazama utumbo uliobaki, kwa sababu usiku wa dharura haikuwezekana kujua kama kuna vinyama vingine. Hili si dogo: vikikutwa vinyama kwa mamia, ugonjwa utakuwa ule wa kurithi unaotokana na kasoro ya jeni ya APC, ambao vinyama vyake huanza kuota katika umri wa kubalehe, na utumbo wote mpana usipoondolewa karibu kila mwenye nao hupata saratani kabla ya kufika miaka 40 au baada yake kidogo.

Kuhusu wadogo zake siwezi kujibu kabla ya kujua ukoo. Naomba mtuambie: je, katika familia ya baba au ya mama yupo aliyefariki kwa uvimbe wa tumbo, wa kizazi au wa ubongo akiwa chini ya miaka 50? Je, wazazi wana undugu wa damu? Je, mtoto ana alama zozote za ngozi tangu utotoni, madoa ya kahawia mwilini au vidoa vyeusi kwenye midomo? Maswali haya yanaweza kuonekana ya udadisi, lakini yana kazi.

Msomaji wa Dodoma

Poleni sana. Mimi si daktari, lakini tusifichane, watoto wa siku hizi wanakula chipsi na soda kila siku na wala hawagusi mboga za majani. Hata mwigizaji Chadwick Boseman alifariki mwaka 2020 kwa saratani hii hii akiwa na miaka 43 tu. Wazee wetu walikula ugali wa dona na mtama, na hatukusikia mambo haya.

Mtaalamu wa Patholojia

Ndugu wa Dodoma, hoja yako ina historia ndefu na ina nafasi yake, ila nafasi hiyo si hapa. Aliyeieneza zaidi alikuwa Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyezaliwa Ireland na kufanya kazi Mulago, Kampala. Mwaka 1971 aliandika kwamba uhaba wa saratani ya utumbo mpana katika Afrika ya vijijini unatokana na chakula chenye nyuzinyuzi nyingi. Lakini alikuwa akizungumzia watu wazima waliokula namna moja kwa miongo mingi. Mtoto wa miaka 13 hajaishi muda wa kutosha kwa chipsi kumfanyia kazi hiyo, na kumwambia mama yake kwamba kosa ni la jikoni ni kumbebesha mzigo usio wake.

Boseman naye aligunduliwa mwaka 2016 akiwa karibu na miaka 40. Kuongezeka kwa ugonjwa huu kwa watu walio chini ya miaka 50 ni jambo la kweli, na ndilo lililoifanya Marekani mwaka 2021 ishushe umri wa kuanza uchunguzi kutoka 50 hadi 45. Aprili 2025 ulichapishwa utafiti wa uvimbe wa wagonjwa 981 kutoka nchi 11, ambao ulikuta kwamba alama za kolibaktini, sumu inayotolewa na baadhi ya bakteria wa jamii ya E. coli, zilikuwa nyingi mara 3.3 kwa waliogunduliwa kabla ya miaka 40 kuliko kwa waliogunduliwa baada ya 70, na watafiti wanadhani madhara hayo huanza utotoni. Hata hivyo hao ni vijana wa makamo. Ugonjwa wa mtoto anayebalehe una tabia zake, na katika umri huo swali la kurithi lazima liulizwe, ijapokuwa wengi wao mwishowe hawakutwi na kasoro yoyote ya kurithi inayojulikana.

Nina jambo moja la kazi yangu la kuwaambia familia. Kuna kejeli katika jina la Burkitt: limfoma, yaani saratani ya chembe za limfu, yenye jina lake, ambayo aliieleza mwaka 1958, ndiyo inayotujia kichwani kwanza sisi wa maabara za Afrika Mashariki tunapoletewa uvimbe kutoka tumboni mwa mtoto. Mtu akiniletea uvimbe wa utumbo wa mtoto huyu bila maelezo, adenokasinoma ingekuwa ya mwisho katika orodha yangu. Kwa hiyo kuomba slaidi zisomwe na mtaalamu wa pili si kumtukana wa kwanza. Kipande kilichokatwa hutayarishwa na kuhifadhiwa ndani ya vibonge vya nta ambavyo sisi huviita bloku, na kutoka kwenye bloku hukatwa slaidi nyingine wakati wowote. Andikeni namba ya patholojia iliyo juu ya ripoti, muulize bloku zimehifadhiwa wapi, na mkihamia hospitali nyingine ziombeni kwa barua ya daktari. Ripoti ya karatasi peke yake haipimiki tena, lakini bloku inapimika.

Na kipimo cha kuomba kifanywe kwenye bloku hizo ni kile cha protini nne zinazosahihisha makosa wakati seli inapojinakili, zinazoitwa MLH1, MSH2, MSH6 na PMS2. Hufanywa kwa kupaka slaidi rangi maalumu, na jibu lake lina maana kwa mtoto, kwa wadogo zake na hata kwa wazazi.

Mama wa Mombasa

Dada yangu wa Tanga, nimesoma nikalia. Mwanangu wa kiume aligunduliwa akiwa na miaka 16. Yake ilikuwa kwenye puru, karibu na njia ya haja, na sisi tulipoteza miezi minne tukitibiwa bawasiri. Leo ana miaka 20 na yuko chuoni, lakini nitakuambia yale ambayo hakuna aliyenitayarisha nayo.

Dawa zikiwa ni zile tulizopewa sisi, ambazo hutiwa kwenye mshipa kila baada ya wiki mbili hadi zitimie mara 12, moja kati yake inaitwa oksaliplatini, nayo huifanya mishipa ya fahamu iogope baridi. Siku chache baada ya kila dozi mwanangu akishika kopo lililotoka kwenye friji alihisi kama ameshika miiba, na alipokunywa maji ya barafu koo lilimkaza akadhani anakufa. Tuliambiwa baadaye kwamba ni kawaida. Mpeni vinywaji vya uvuguvugu, na akianza kuhisi ganzi ya vidole isiyoondoka kati ya dozi na dozi, asivumilie kimya kama walivyo wavulana, amwambie daktari ili dozi ipunguzwe mapema.

Mwanangu pia aliwekewa mfuko wa choo tumboni kwa miezi tisa. Wenu wameunganisha utumbo, mshukuruni Mungu kwa hilo. Sisi aliyetusaidia zaidi ya wote alikuwa muuguzi mmoja aliyemfundisha mwenyewe kuubadilisha, akatutoa sote chumbani, mimi nikiwa wa kwanza.

Kuna jambo ovu moja ambalo mpaka leo linanikaa rohoni. Alichomwa mionzi ya nyonga, na hospitali hiyo, ambayo sitaitaja, hakuna aliyetueleza kabla kwamba mionzi hiyo na baadhi ya dawa huweza kuathiri uwezo wake wa kuzaa baadaye. Tuliambiwa wakati mionzi imekwisha. Uvimbe wa mwanenu uko juu, pengine hatahitaji mionzi, lakini ulizeni swali hilo kabla ya dozi ya kwanza, hata kama mtaona haya kuliuliza mbele ya mtoto.

Kuhusu jicho, kwetu pia yalisemwa. Kombe alikunywa, babu yake alimwandikia mwenyewe, na nafsi yake ilitulia. Dawa za mizizi nilizikataa zote, kwa sababu daktari alituambia kwamba baadhi huumiza ini, na ini ndilo linalohangaika na kemikali za hospitali. Siku ya dozi haikurukwa hata moja kwa ajili ya mganga.

Mama Mdogo, Tanga

Nimewasomea dada na shemeji majibu yenu yote jana usiku, na wamenipa ruhusa ya kujibu maswali ya daktari.

Ndiyo, wazazi wana undugu. Baba wa dada yangu, ambaye ni baba yangu pia, na baba wa shemeji ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, kwa hiyo waliooana ni watoto wa ami, kama ilivyo desturi kwetu. Katika wazee hatujui aliyekufa kwa saratani ya utumbo. Shangazi mmoja alifariki akiwa na miaka 52 kwa ugonjwa wa kutokwa damu ukeni ambao haukuchunguzwa, basi.

Lakini kuna jambo ambalo hatukulifikiria kabisa mpaka lilipoulizwa. Kati ya mvulana huyu na msichana wa miaka 9 alikuwapo mtoto mwingine wa kike, aliyefariki akiwa na miaka sita. Alipelekwa Dar es Salaam akakutwa na uvimbe kwenye ubongo, na hakuishi hata mwaka. Sisi tuliyachukua kuwa ni majaaliwa mawili tofauti. Na kuhusu ngozi, mvulana ana madoa ya rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa, mgongoni, kiunoni na pajani, ambayo bibi aliyaita mabaka ya kuzaliwa. Tumeyahesabu leo, ni saba. Marehemu naye alikuwa nayo. Msichana wa miaka 9 anayo mawili, na mdogo hana hata moja.

Dada yangu ameuliza swali moja tu: je, ni kwa sababu tulioana?

Mpasuaji wa Watoto

Asante kwa kutuamini, na mwambie dada yako kwamba nimelisoma swali lake mara nyingi kabla ya kuandika.

Mliyoyaeleza yanafanana sana na hali adimu ya kurithi ambayo tayari mwenzetu wa patholojia aliigusa bila kujua. Kila seli inapogawanyika huyanakili maandishi yote ya jeni, kama karani anayenakili kitabu kirefu, na zile protini nne ni wasahihishaji wanaompitia nyuma. Kila mtu ana nakala mbili za jeni ya kila msahihishaji, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Mwenye nakala moja mbovu ana hali inayoitwa Lynch, kwa jina la daktari Mmarekani Henry Lynch. Msahihishaji wake anaendelea kufanya kazi kwa nakala iliyobaki, na saratani ya utumbo au ya kizazi ikija huja ukubwani, na pengine isije kabisa. Mtoto anayerithi nakala mbovu kutoka pande zote mbili hana msahihishaji tangu tumboni, na makosa hujilimbikiza kwa kasi. Watoto hao huwa na madoa kama hayo mliyoyahesabu, na huugua saratani za damu, za ubongo na, wanapobalehe, za utumbo mpana. Madoa hayo hupatikana pia katika ugonjwa mwingine wa mishipa ya fahamu, neurofibromatosi, na si ajabu watoto hawa kupewa jina hilo kwa makosa.

Kwa hiyo jibu la swali lake ni hili. Undugu wao haukuitengeneza kasoro. Kama ipo, ilikuwamo katika ukoo kwa vizazi bila kuonekana, pengine ndiyo iliyomsumbua yule shangazi aliyefariki, na ndoa ya watoto wa ami iliongeza tu uwezekano wa nakala mbili mbovu kukutana kwa mtoto mmoja. Watu wasio ndugu kabisa nao huzaa watoto wa namna hii. Jicho halimo katika hesabu hiyo, na shangazi mtu anaweza kuambiwa hivyo kwa heshima.

Sasa kuna manufaa katika kujua. Kwa mtoto mwenyewe, upasuaji na dawa alizozitaja mama wa Mombasa hubaki kuwa msingi katika hatua ya tatu, lakini uvimbe usio na wasahihishaji huwa na makosa mengi ya jeni, na wingi huo huufanya uonekane na askari wa mwili wakiamshwa. Dawa za kuwaamsha ni pembrolizumabu na nivolumabu. Mwaka 2017 Marekani iliruhusu ya kwanza itumike hata kwa watoto wenye uvimbe wa aina hii uliokwisha kutibiwa ukarudi au kusambaa, na ya pili kwa wenye saratani ya utumbo mpana kuanzia miaka 12. Bei yake ni kubwa mno, na sisemi mkimbilie kuuza nyumba. Ninasema kipimo cha protini kikiwa tayari, daktari wa saratani atakuwa na jambo la kushika endapo dawa za kwanza hazitatosha.

Kwa wadogo zake, kama wazazi wote wawili wana nakala mbovu ya jeni moja, kila mtoto ana uwezekano wa robo wa kurithi zote mbili. Kutokuwa na madoa hakumwondoi mdogo katika orodha, na mawili ya msichana hayamtii hatiani, kwa sababu watoto wengi wazima wanayo moja au mawili. Huamuliwa kwa kipimo cha damu cha jeni. Atakayethibitika huanza kufanyiwa kolonoskopi kila mwaka kati ya miaka 6 na 8, pamoja na MRI ya kichwa kwa vipindi, na vinyama huondolewa kwa kamera kabla havijageuka. Msichana ana miaka 9, kwa hiyo kwake msingoje jibu la jeni litakapokuja, ombeni atazamwe mapema. Wazazi nao wana lao: wakithibitika wana Lynch, watahitaji kolonoskopi zao wenyewe, na dada yako asipuuze damu yoyote ya ukeni isiyo ya kawaida.

Mtaalamu wa Patholojia

Nina nyongeza ya kiufundi, ambayo ninaomba muichapishe na kumpelekea atakayepaka slaidi. Kwa kawaida tunapopima protini hizi, seli nzima za pembeni mwa uvimbe hushika rangi, nasi huzitumia kuhakikisha kwamba upakaji ulifanikiwa. Kwa mtoto mwenye nakala mbili mbovu, seli nzima nazo hazishiki rangi ya protini iliyokosekana. Fundi asiyelijua hili ataona slaidi yote ni tupu, atasema rangi imeharibika, na ataitupa. Basi aambiwe mapema kinachotafutwa, na aweke pembeni slaidi ya mtu mwingine ya kulinganishia. Mara nyingi inayokosekana kwa watoto hawa ni PMS2.

Mama Mdogo, Tanga

Tulikwenda kliniki Jumatatu, tukiwa na maswali yenu yameandikwa kwenye daftari la shule. Tezi zilizohesabiwa zilikuwa tisa, mbili zikiwa na ugonjwa, na jopo la madaktari litakaa Alhamisi kujadili kama atapasuliwa tena kabla ya dawa au ataanza dawa moja kwa moja. CT skani ya kifua ni safi. Bloku zimepatikana, ziko nne, na daktari ameandika barua ya kuzipeleka zikapimwe protini, pamoja na maelezo ya slaidi tupu kama mlivyoshauri. Alikuwa hajawahi kukutana na mtoto wa namna hii, akayasoma mara mbili, akapiga picha ukurasa.

Shemeji na dada wametolewa damu. Msichana amepangiwa kolonoskopi wiki mbili zijazo. Ameambiwa atakunywa dawa ya kuharisha siku moja kabla, naye ameuliza kama siku hiyo ataruhusiwa kukosa shule.